Salama kwa Nani? Mwanga Kinywani na Wajibu wa Mshika Taa

Katika Kiswahili neno salama hufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya salamu. Ukikutana na jirani barabarani hapa Kajaga ukamwuliza habari za nyumbani, atakujibu "salama", kisha ndipo akueleze kwamba maji ya ziwa yameingia uani na mtoto ana homa. Hajasema uongo. Jibu lake la kwanza ni la adabu. Linafungua mlango wa mazungumzo. Kazi ya pili ni ya kutoa taarifa: daraja hili ni salama, maji haya ni salama, dawa hii ni salama. Hapo msemaji anatoa ushahidi, na anayemsikiliza huweka mwili wake rehani kwa neno hilo.

Swali la insha hii linatokana na kuchanganyika kwa kazi hizo mbili. Daktari wa meno anapomwelekezea mgonjwa taa ya bluu au leza nyekundu kinywani na kumwambia, "Usiogope mama, ni salama," je, amemtuliza au amemtolea ushahidi? Na kama ni ushahidi, umetoka wapi, na unahusu mwili wa nani? Hoja nitakayoitetea ni kwamba hakuna tiba ya mwanga iliyo salama yenyewe kwa yenyewe. Usalama wake ni kauli yenye masharti, na anayeitamka anawajibika kuyataja masharti hayo, pamoja na kusema wazi ni lipi kati yao ambalo hawezi kulithibitisha.

Kwanza tuelewane juu ya mwanga wenyewe, kwa kuwa watu huchanganya mambo. Katika tiba ya meno kuna matumizi matatu makubwa. La kwanza ni taa ya bluu inayotumika wakati wa kuziba jino kwa resini nyeupe. Wagonjwa wengi hudhani taa ile inakausha. Haikaushi. Mwanga wake, wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 500, huamsha kemikali iliyomo ndani ya resini ili molekuli zishikane na kuwa ngumu. Taa inalenga resini, lakini milimita chache chini yake kuna kiini cha jino, sehemu laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. La pili ni tiba ya mwanga na rangi. Rangi kama methilini buluu hupakwa kwenye fizi yenye ugonjwa, kisha huangazwa kwa mwanga mwekundu. Rangi ile inaponyonya mwanga huipa oksijeni iliyo karibu nguvu ya ziada, na oksijeni hiyo iliyokuwa mpole hugeuka kali na kuua bakteria. La tatu ni tiba ya mwanga hafifu, ambamo leza nyekundu au ile isiyoonekana kwa macho hutumika kupunguza maumivu na kuharakisha kupona kwa vidonda.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sawa na eksirei. Mwanga huu hauna nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi kama eksirei inavyofanya. Lakini lugha yetu ina mtego hapa. Neno mionzi tunalitumia kwa jua la asubuhi, kwa eksirei, na kwa mashine ya kutibu saratani. Daktari akisema "nitakupiga mionzi", mgonjwa anaweza kuondoka kwa hofu isiyo na msingi. Akisema "ni mwanga tu", anamlaza usingizi, maana nani aliyewahi kuogopa mwanga? Neno la kwanza linazidisha hatari na la pili linaifuta. Kabla mashine haijawashwa, uchaguzi wa neno tayari ni tendo la kimaadili.

Historia inatuonya tusiamini kwamba mwanga hauna madhara kwa sababu tu tumeuzoea. Mwaka 1900 Oscar Raab, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Munich chini ya Hermann von Tappeiner, alitangaza matokeo ya kazi yake juu ya viumbe vidogo vya majini aliokuwa amewatia rangi ya akridini. Jambo lililomsumbua ni kwamba rangi ilikuwa ile ile na kiasi kile kile, lakini siku nyingine viumbe hao walikufa upesi na siku nyingine walichelewa. Tofauti ilikuwa mwanga uliokuwapo chumbani. Mwaka 1903 Niels Finsen alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga uliokusanywa. Miaka tisa baadaye, mwaka 1912, daktari Mjerumani Friedrich Meyer-Betz alijidunga mwenyewe gramu 0.2 za hematoporfirini, kemikali inayopokea mwanga, kisha akatoka juani. Uso na mikono yake ilivimba kwa maumivu makali, na kwa muda wa wiki nyingi jua lilikuwa adui yake. Mwanga uliomponya mgonjwa wa Finsen na mwanga uliomwunguza Meyer-Betz ni wa familia moja.

Wavuvi wa ndagala wa Ziwa Tanganyika wanalijua jambo hili bila maabara. Huenda ziwani usiku na taa zao, na samaki huvutwa na mwanga. Lakini mwezi ukiwa mpevu wengi hubaki ufukweni, kwa sababu taa yao imepoteza nguvu. Taa haijabadilika na samaki ni wale wale. Kilichobadilika ni giza lililoizunguka. Mvuvi hasemi "taa yangu inafanya kazi" kama kauli iliyokamilika. Anasema inafanya kazi usiku gani. Ndivyo ninavyotaka tulisome neno salama: lina maswali manne yaliyofichika ndani yake.

Swali la kwanza ni: kwa kiasi gani? Mwaka 1965 watafiti wawili, Zach na Cohen, walipasha joto meno ya nyani kwa kipimo. Joto la kiini lilipopanda kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, asilimia 15 ya meno hayo hayakupona. Namba hiyo imejadiliwa sana tangu hapo, lakini bado ni alama ambayo madaktari wa meno huiangalia. Taa nyingi za kisasa hutoa zaidi ya miliwati 1,000 kwa sentimita moja ya mraba, na zikishikiliwa kwa muda mrefu juu ya tundu lililokaribia kiini zinaweza kukifikisha pabaya. Wala tusikimbilie kusema kwamba basi mwanga mdogo ndio wa heri. Taa ambayo betri yake imechoka, au ambayo ncha yake imeganda mabaki ya resini, huacha resini ikiwa mbichi chini ingawa juu inaonekana ngumu, na kemikali zisizoshikana hupenya kuelekea kiini kile kile tulichotaka kukilinda. Katika mji ambako umeme hukatika na taa huchajiwa kwa kuviziana na jenereta, hatari hii ya pili ni ya kila siku kuliko ya kwanza. Mgonjwa haoni tofauti. Bluu ni bluu.

Swali la pili ni: kwenye tishu gani? Fizi za watu wengi wa kwetu zina melanini, ile rangi inayozifanya kuwa nyeusi au kahawia. Melanini hunyonya mwanga na kuugeuza joto. Kipimo kilichopangwa kwa fizi ya waridi hakiwezi kuchukuliwa moja kwa moja kwa fizi nyeusi, kwa sababu sehemu ya mwanga itaishia juu kama joto na sehemu itakayofika chini itapungua. Mtu anaweza kuniambia kwamba hizi ni hofu za kinadharia. Namjibu kwa mfano ulio nje ya meno. Wakati wa janga la Korona dunia nzima ilitegemea kipima oksijeni cha kidoleni, chombo kinachofanya kazi kwa mwanga. Desemba 2020 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi chombo hicho kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Chombo kilikuwa kimekubaliwa na kutumika kwa miongo kadhaa. Hakuna aliyedanganya. Kilikuwa kimeitwa sahihi bila kuulizwa: sahihi kwa nani?

Swali la tatu ni: katika mwili wa nani? Methilini buluu inayotumika kwenye fizi ni rangi kongwe. Paul Ehrlich na mwenzake Guttmann waliijaribu dhidi ya malaria mwaka 1891. Lakini madaktari wanajua kwamba ikiingia mwilini kwa wingi inaweza kupasua chembe nyekundu za damu za watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo hupatikana zaidi mahali ambapo malaria imekaa kwa karne nyingi, yaani mahali kama bonde la Rusizi na pwani hii ya ziwa. Kiasi kinachopakwa kwenye fizi ni kidogo na huoshwa, kwa hiyo sisemi kwamba ni hatari. Ninachosema ni kwamba daktari wa Kajaga ana sababu ya kumwuliza mgonjwa wake swali ambalo daktari wa Copenhagen huenda asilikumbuke. Vivyo hivyo kwa anayetumia doksisaiklini, dawa inayoweza kumfanya mtu aungue juani kwa urahisi zaidi.

Swali la nne ni: mkononi mwa nani? Leza inayoweza kutuliza kidonda inaweza pia kuharibu retina. Miwani ya kujikinga hutengenezwa kwa urefu maalumu wa mawimbi. Miwani ya leza moja huweza isikinge kabisa dhidi ya nyingine. Mtu aliyenunua mashine bila mafunzo anaweza kumvisha mgonjwa miwani isiyomkinga, na mgonjwa akashukuru.

Mpaka hapa mtu wa tahadhari atafurahi na kusema: basi tungoje. Mpaka tafiti zifanyike hapa, kwa fizi zetu na damu yetu, tusiwashe taa. Msimamo huu una heshima yake, na mataifa yaliyowahi kutumiwa kama uwanja wa majaribio yana haki ya kuupenda. Lakini kungoja nako kuna majeruhi wake, na kesi ngumu zaidi ninayoifahamu inatoka katika ukanda wetu huu.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Kiafrika. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake, na habari njema ni kwamba husikia dawa. Lakini dawa zenyewe, hasa methotrexate inayotumika katika mipango mingi ya tiba, huweza kuchubua utando wa mdomo mpaka mtoto ashindwe kumeza uji. Vidonda vikizidi, tibakemikali hulazimika kusimama, na saratani hupata nafasi ya kupumua. Hapo mwanga hafifu una kazi ya kweli. Mwaka 2018 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilieleza kwamba ushahidi wa kutumia leza ya nguvu ndogo dhidi ya vidonda hivyo hauonyeshi wasiwasi mkubwa wa usalama. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2020 nayo ilipendekeza tiba hiyo kwa watu wazima wanaopandikizwa uboho na kwa wale wanaotibiwa saratani ya kichwa na shingo kwa mionzi.

Sasa angalia ugumu ulipo. Mwanga unaodhaniwa kuamsha seli zilizochoka ili zipone hauna macho ya kuchagua. Endre Mester, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa tiba hii mjini Budapest mwaka 1967, alianza kwa kutaka kujua kama leza ingeleta saratani kwa panya. Haikuleta, ila manyoya waliyonyolewa yaliota upesi. Tangu hapo swali limebaki: kinachochochea unywele na utando, je, hakiwezi kuchochea uvimbe? Tafiti zilizofuatilia wagonjwa mpaka sasa hazijaonyesha kwamba saratani hurudi zaidi kwa waliopata mwanga, na ushauri wa kawaida ni kutoangaza moja kwa moja mahali penye uvimbe. Lakini kwa mtoto wa Burkitt uvimbe uko tayani, kando kabisa ya vidonda. Waliopendekezewa tiba ile hawakuwa yeye.

Tukisema "ni salama, Ulaya wamekubali", tumemsalimu mama wa mtoto huyu, hatujampa ushahidi. Tukisema "tungoje utafiti", mtoto analala na njaa usiku huu kwa ajili ya utafiti ambao huenda usifanyike kamwe, kwa sababu anayengoja ni sisi na mwenye fedha za utafiti ana mambo mengine. Ninaona njia iliyo bora kuliko zote mbili ni ngumu zaidi kuitekeleza: kutumia mwanga mbali na uvimbe, kwa kipimo kilichoandikwa, kumfuatilia mtoto, kuhifadhi kumbukumbu ili mtoto wa pili asianze na ujinga ule ule, na kumwambia mama yake kwa lugha anayoota nayo, iwe Kirundi au Kiswahili, mambo matatu: tunachokijua, ambapo ujuzi wetu unakomea, na kwa nini bado tunaona inafaa.

Kuna atakayesema kwamba hayo yote yanamalizwa na ridhaa: mama akubali, atie sahihi, basi. Hapa pia mdomo wa mtoto wa Afrika Mashariki una somo la uchungu. Katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania na Uganda zikiwamo, kuna imani juu ya kile kinachoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, uvimbe wa kawaida wa fizi mahali chonge linapoota hudhaniwa kuwa ndio chanzo, na fundi wa kienyeji hung'oa chipukizi la jino kwa kisu au njiti ya baiskeli. Homa haiondoki, kwa kuwa haikutoka pale, na mtoto hubaki na jeraha, maambukizi, na mara nyingi meno ya baadaye yaliyoharibika. Mama anayempeleka mtoto kwa fundi yule ameridhia kwa moyo wote. Anampenda mtoto wake. Na fundi naye amemwambia ni salama.

Basi daktari mwenye leza anatofautiana vipi na fundi mwenye njiti? Tofauti haiko katika koti jeupe wala katika bei ya mashine. Iko katika hili, kwamba neno la daktari linaweza kukaguliwa na mtu mwingine, na kwamba likikosea kuna mahali pa kumwuliza. Kipimo kimeandikwa, taa hupimwa nguvu yake kila baada ya muda, mgonjwa anajua arudi wapi fizi ikichubuka. Daktari anayeyaacha mambo hayo na kubaki na neno tupu, hata mashine yake ikiwa ya kisasa kiasi gani, amerudi kukaa kwenye kigoda cha fundi.

Pingamizi la mwisho ni la kiutu. Mgonjwa mwenye maumivu, litasema, hahitaji mhadhara wa nanomita. Anahitaji kutulizwa, na hofu yenyewe ni maradhi. Nakubali kwamba kutuliza ni sehemu ya tiba. Lakini kutuliza kwa kuficha na kutuliza kwa kueleza ni vitu viwili. "Nitaangaza kwa sekunde ishirini, ukihisi joto inua mkono, nitazima" ni sentensi fupi kuliko mhadhara wowote. Inatuliza kuliko "usiogope", kwa sababu inamwachia mgonjwa uwezo wa kufanya jambo. Ndani yake kuna kiasi, kuna tishu, kuna mwili wa huyu aliyekaa kitini leo, na kuna mkono ambao uko tayari kuzima taa.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yetu watashika taa hizo, na wengine wataandika vipeperushi vitakavyobandikwa ukutani mwa zahanati, kwa Kiswahili hiki tunachojifunza. Maneno tutakayoyachagua yataingia miilini mwa watu. Kuuliza si ujinga, lakini mgonjwa wa meno ana shida ambayo mgonjwa mwingine hana: kiungo anachokitumia kuuliza ndicho kinachotibiwa. Akishafumbua mdomo na taa ikawaka, hawezi tena kusema "kwa kiasi gani?" wala "kwa nani?" Kwa hiyo maswali hayo manne ni deni la yule aliyesimama, na anapaswa kulilipa kabla hajamwambia mwenzake, "Fungua mdomo."